Kuku wa Kumkomboa Mfaume

S.L.P. 1140,
Dar es Salaam.
20 Machi 1967

Dada yangu Zamda binti Yahaya,

Shikamoo. Mimi mdogo wako sijambo, ila joto la huku linanionea. Mtu unaamka umelowa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Masele, na Mama, na mpwa wangu Swaumu ambaye naamini sasa anazungumza kuliko redio. Mwambie Mama dawa ya mgongo naitafuta. Kuna Mwarabu Kariakoo ameniambia nirudi Ijumaa, na kila Ijumaa ananiambia hivyo hivyo.

Najua unasoma huku umekunja uso. Nilipanda treni wakati wewe umekwenda sokoni na shemeji yuko mazoezini, sikumuaga mtu. Dada, ungeniuliza maswali, nami mbele yako sijui kudanganya.

Niko katika timu ya mbio za baiskeli ya kampuni ya Soda Njiwa. Msimamizi wetu ni Kondo, yule Mzaramo aliyekuwa kazini reli hapo Tabora. Mnamkumbuka msibani kwa Baba, kule Kwihara. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, basi akashika haki yake ya utani: akaingia kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kitu. Mkamuuliza unataka nini, akasema, "Nipeni huyu kijana wenu mwenye miguu, akanisukumie mkokoteni Uzaramoni." Nyote mkacheka mkamwambia mchukue. Kitu alichokamata mtani hukombolewa kwa kuku, na kuku wangu hakulipwa. Basi Kondo ameniandikia kwamba anataka mali yake, nami nimekuja. Msimkasirikie. Mtani hakasirikiwi.

Asubuhi tunapanda vilima vya Pugu, mchana tunapakua kreti za soda. Azimio la Arusha limetangazwa na kila kampuni ina hofu ya kutaifishwa, lakini watu hawajaacha kuona kiu, kwa hiyo sisi tuko salama. Je, shemeji anasemaje? Mwambie auangalie mnyororo wake, ulikuwa umeanza kulegea.

Ni mimi ndugu yako,
Mfaume Yahaya

*

S.L.P. 61,
Tabora.
9 Aprili 1967

Kwako Mfaume,

Marahaba. Sisi wazima. Mama mgongo ule ule, ila ulimi wake hauumwi. Swaumu ameota tena yale meno mawili ya mbele yaliyong'oka na amemng'ata jirani. Mvua zimeisha vizuri na karanga za Kwihara zimekubali. Hizo ndizo salamu; sasa nisikilize.

Umeuliza shemeji yako anasemaje. Hasemi. Siku ile alirudi akakuta fulana yako ya njano ya timu yenu ya Nyuki umeikunja vizuri juu ya kiti cha baiskeli yake. Akaishika, akaigeuzageuza, akaitundika kwenye msumari. Tangu hapo jina lako halijapita kinywani mwake. Akilazimika sana anasema "yule". Mtu aliyekufundisha baiskeli ukiwa bado unapenyeza mguu katikati ya fremu kwa ufupi. Mtu aliyekukatia upepo kutoka Sikonge mpaka hapa siku ile ulipokuwa na homa, akakuacha upite mbele kwenye utepe ili watu wakushangilie wewe. Kweli huyo ndiye wa kuachiwa fulana?

Na usinifundishe utani, nami nilikuwepo. Kuku alikuwepo pia, amefungwa miguu tayari pale mlangoni. Ikaja mvua, watu wakakimbilia barazani, kuku akaponyoka akatokomea mihogoni. Kabla hatujatafuta mwingine Kondo akahamishiwa pwani. Hiyo ndiyo habari ya kuku, haina zaidi. Mtu mzima hahami nyumba ya dada yake kwa sababu ya kuku, Mfaume. Una lako jambo.

Habari njema ni moja. Ile kampuni yetu ya nta baada ya Azimio imepunguza watu, na katika wapanda baiskeli wote wa Nyuki wamembakiza mmoja tu, naye ni Masele. Bwana Wenceslaus, meneja wa timu, amemwambia wanamtaka mtu mzoefu. Masele alivaa shati lake la Idi akaenda mpaka kwao Igunga kuwaambia wazee. Miaka mingi sijamwona akitembea kifua mbele namna ile. Ungekuwepo ungemtania mpaka alie.

Mwandikie. Mwandikie yeye, siyo mimi. Anajua kusoma.

Dada yako,
Zamda

*

Dar es Salaam,
28 Mei 1967

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Niliteleza kwenye mchanga njia ya Bagamoyo, kiwiko kikachubuka, na mkono wa kuandikia ndio huo huo. Sasa nimepona. Dawa ya Mama nimeipata. Inakuja kwa mkono wa Raymundi, gadi wa treni, kwa sababu posta nawaogopa.

Habari ya shemeji imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Niliisoma mara nyingi mpaka wenzangu wakadhani ni barua ya mchumba. Nilijua tu watambakiza yeye. Wangembakiza nani mwingine?

Sasa nami nina habari. Mwisho wa mwezi wa nane kutakuwa na mashindano makubwa, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, kufuata njia ya zamani ya misafara. Walikopita babu zetu na pembe begani, sisi tutapita na baiskeli. Soda Njiwa itakuwemo, nami nimechaguliwa. Fikiri, dada, niingie Tabora kwa upande wa Kigwa, wewe na Swaumu mmesimama kando ya barabara. Naona haya kidogo kwamba nitakuwa na fulana nyeupe ya watu wa pwani, lakini Nyuki nao lazima watamleta Masele. Tutakutana barabarani, na barabarani yeye na mimi hatujawahi kukosa la kusema.

Kuhusu kumwandikia, nimeanza mara kadhaa. Nikifika "Kwa shemeji yangu" kalamu inakataa. Niache kwanza. Niambie tu anajiandaaje.

Kuna mpira wa ndani wa akiba niliuacha juu ya dari. Kama haumsumbui mtu mpe Raymundi aniletee. Siyo kwamba huku hakuna. Ni wa kuzoeleka tu.

Mdogo wako,
Mfaume

*

Tabora,
18 Juni 1967

Mfaume,

Marahaba. Dawa imefika, Mama anajipaka mpaka nyumba nzima inanuka karafuu. Anakuombea dua na anauliza utaoa lini. Mpira nimempa Raymundi.

Kampuni ya soda inayoshindwa kukupa mpira wa ndani, hiyo ni kampuni gani? Ulifikiri sitaona?

Masele yuko njiani kila siku. Anatoka asubuhi na baiskeli, anarudi jua limezama, vumbi mpaka kwenye kope. Akishanawa anakula, akishakula analala. Habari ya mashindano nilimsomea. Alisema, "Njia ile ina mchanga mwingi baada ya Itigi." Hakusema zaidi, lakini hakusema "yule", na mimi nimelihesabu hilo kuwa ni maendeleo.

Nakuuliza tena, na safari hii usinijibu kuku. Uliondoka kwa nini? Kama ni mimi nilikukosea, sema. Kama ni yeye, sema. Nyumba hii tangu uondoke ina sahani moja isiyoguswa na mtu, na kila jioni Swaumu anaipanga. Mimi nimechoka kuirudisha kabatini.

Zamda

*

Dar es Salaam,
22 Julai 1967

Dada,

Shikamoo. Afya ninayo. Mengine siyo mazuri.

Soda Njiwa inachukuliwa. Wamekuja mabwana wapya ofisini, watu wa heshima, wakatuambia michezo ni ya wananchi wote na siyo ya kutangazia chupa. Sisi tuliitikia, kwa sababu ni maneno ya kweli. Ila hawakutuambia wananchi hao watatununulia matairi kwa fungu gani. Tumeamriwa tufumue njiwa aliyeshonwa kifuani mwa fulana. Jana tulikaa chini ya mwembe wa ghala na wembe, kila mtu anafumua njiwa wake. Kondo hakutania hata mara moja. Mzaramo asipomtania Mnyamwezi, ujue hali si nzuri. Mashindano wanasema yapo, lakini baada yake hakuna anayejua atakuwa wapi.

Hilo ningelivumilia. Lakini Raymundi aliponiletea mpira nilimuuliza Nyuki wanajiandaaje, akanishangaa. Akasema duka la nta lilifungwa tangu mwezi wa tano. Akasema Masele anabeba madebe ya asali kwa baiskeli kutoka Kigwa kupeleka ushirika. Hiyo ndiyo "yuko njiani kila siku"? Dada, mimi nilikuwa nikijaribu kupanda Pugu namwona yeye mbele yangu, nasema na yeye saa hizi anapanda. Kumbe amefunga madebe.

Ungeniambia. Sasa yote niliyofanya nimefanya bure. Mlango niliomwachia umefungwa, na mimi niko nje, na yeye yuko nje.

Nimeudhika, sitaki kusema uongo. Msalimie Mama.

Mfaume

*

Tabora,
13 Agosti 1967

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Swaumu alikuwa na homa, imeshuka. Karanga tumevuna. Nimeandika salamu zote ili usiseme nimezisahau kwa hasira, maana hasira ninayo.

"Mlango niliomwachia." Ulipoandika hayo ulidhani mimi ni nani? Nilijifunga kanga nikaenda kwa Bwana Wenceslaus, anakaa Ng'ambo siku hizi, anafuga bata. Nikamwambia sitoki hapa mpaka uniambie. Akaniambia. Kwamba baada ya Azimio kampuni ilitaka mpanda mmoja tu, na huyo mmoja ulikuwa wewe. Kwamba alikuita ukiwa peke yako, na wewe ukamuuliza Masele je, akakwambia Masele miguu imezeeka. Kesho yake ukapanda treni. Wao wakabaki na Masele kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Lile neno "mzoefu" walilitunga tu ili wasimvunje moyo.

Mimi nilikuficha kufungwa kwa Nyuki, kweli. Nilijua ukisikia utarudi mbio, na nilitaka angalau mmoja wenu awe na fulana inayomtambulisha. Wewe umenificha kubwa kuliko hilo. Umeninyima haki ya kukushukuru, ukaniachia ya kukulaumu, na mimi nimeitumia miezi yote hii bila huruma.

Nikafanya kosa jingine. Nilimwambia Masele.

Alikuwa anaziba pancha, ameuzamisha mpira kwenye beseni anatafuta povu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nakula masazo ya mtoto niliyemfundisha mimi." Akasema alikwenda Igunga kujisifu mbele ya baba yake kwa kitu alichotupiwa. Mpira akauacha mle mle kwenye beseni. Baiskeli ameitundika juu ukutani, madebe ya asali amemwachia mtu mwingine, na yeye anakwenda shamba Kwihara kwa miguu. Hanigombezi. Afadhali angenigombeza.

Sijui nikuambie nini. Ulimpenda, najua. Lakini ulimpa kama mtu anavyompa mgonjwa, bila kumuuliza. Usimwandikie sasa. Njoo na mashindano yako, uje umtazame usoni.

Dada yako anayekupenda, na aliyekasirika,
Zamda

*

Dodoma, stesheni.
Jumapili, 3 Septemba 1967

Dada Zamda,

Shikamoo. Barua hii inakuja kwa mkono wa Raymundi kwa sababu haina muda wa posta.

Mashindano yamekufa. Tulitoka Bagamoyo vizuri, watu wakatushangilia mpaka Morogoro. Kufika hapa Dodoma tukakuta lori la chakula halikuja, na kesho yake likaja gari la kuwarudisha waamuzi. Waandaaji wanasema kila kampuni iliyoahidi kusaidia sasa ina bwana mwingine, na bwana huyo hajui ahadi ya mwenzake. Wenzangu wamerudi Dar juu ya magunia. Nimebaki mimi na Kondo. Yeye anasema harudi pwani kuulizwa maswali na mkewe. Tunalala kwa Mgogo mmoja, mtani wetu pia, anayetutukana kwa upendo kila asubuhi na kutupa uji.

Nilikuwa wa pili, dada. Nilitaka ujue.

Barua yako ya Agosti ilinikuta Morogoro. Nimeibeba mfukoni mwa fulana, jasho limeifuta upande mmoja, lakini lile neno la masazo halijafutika. Sikumpa masazo. Wenceslaus aliponiambia miguu ya Masele imezeeka nilitamani kumpiga. Niliona kama nikikaa, siku moja mbele za watu wataniambia, wewe mbele, na Masele akubebee maji. Nisingeweza kuyanywa maji hayo. Basi nilikimbia. Kondo na kuku wake niliwashika kama mtu anavyoshika fito za ua akiteleza. Hayo ndiyo yote, nawe unaweza kumwambia au usimwambie.

Mwanza kuna kiwanda cha kuchambua pamba, wana timu, wanasema wanatafuta watu. Jumamosi nitapanda treni. Itasimama Tabora kama kawaida yake. Sitashuka. Usimlete Swaumu stesheni, usimwambie Mama. Nitakaa upande wa pili wa behewa. Mtu aliyemfedhehesha Masele mbele ya baba yake hawezi kuingia nyumba ile na kuomba sahani.

Ile sahani usiipange tena.

Mfaume

*

Tabora.
Jumatano, 6 Septemba 1967

Mfaume,

Sina muda wa salamu, Raymundi amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, treni yake inaondoka. Sisi wazima.

Usipande treni ya Jumamosi. Anza na hilo, ulisome mara mbili.

Barua yako iliingia jana. Sikumsomea mtu. Niliiweka kando ya sahani ya Masele, juu yake nikaweka kijiko, nikaenda jikoni. Alisoma yeye mwenyewe, tena polepole, unajua anavyosoma na kidole. Nilisikia kidole kimesimama. Nilipochungulia alikuwa anatazama ile sahani ya pili, ambayo Swaumu ameshaipanga kama kawaida yake.

Akainuka akaishusha baiskeli. Akautia mafuta mnyororo. Ule mpira wa kwenye beseni ulikuwa umeshaanikwa na Mama tangu siku ile. Akauziba, akaujaza, akausikiliza sikioni. Leo alfajiri amekwenda kwa Mama akapiga magoti akamwomba kuku. Mama akampa yule mweupe anayetaga, ambaye mimi mwenyewe nikimgusa tu napigiwa kelele. Masele amemfunga kwenye kapu nyuma ya baiskeli, kichwa nje, na punje za mtama za njiani.

Nikamuuliza, unakwenda wapi na kuku wa watu? Akasema, "Nakwenda kumkomboa shemeji yangu. Kitu cha mtani hakirudi bila kuku, na wenye akili katika nyumba hii wamelisahau hilo miaka yote." Shemeji yangu, amesema. Siyo "yule".

Nikamuuliza, ukimkuta utamfanya nini? Akasema, "Nitampiga kwanza. Mengine baadaye." Kwa hiyo jiandae. Amevaa fulana yako ya njano, ile ya kwenye msumari. Inambana tumbo, na yeye anajua.

Amekwenda upande wa Kigwa, anafuata njia ya zamani kuja huko mliko. Nilimwambia apande treni, akasema hajaona msafara uliopanda treni. Sasa fikiri wewe upite na treni huku umejificha upande wa pili wa behewa, na yeye yuko chini, kwenye mchanga wa Itigi, anawauliza watu wamemwona kijana mmoja wa Kinyamwezi. Ukifanya hivyo mimi sina mdogo.

Panda baiskeli yako, uje magharibi. Barabara ni moja, mtakutana tu. Timu hatuna, wala sijui mwakani atakayewavisha fulana ni nani. Asali ya Kigwa ipo, inahitaji baiskeli mbili. Hayo mtayazungumza wenyewe kwenye upepo, mmoja mbele mmoja nyuma, kama zamani.

Raymundi anakohoa, ananiharakisha. Mwambie Kondo asirudi pwani na asiondoke ubavuni kwako mpaka alipwe haki yake mkononi.

Mwambie kuku yuko njiani.

Dada yako,
Zamda